Tupeane uzoefu: vifaa vya kuanzia kwa anayetaka kujisukia koili za vepu

Mdau wa Kirumba: Wakuu, leo nimemwona kijana pale Makoroboi, hapa Mwanza, akinunua waya wa jiko la umeme ili akasukie koili ya vepu (waya uliosokotwa unaopasha moto kimiminika cha sigara ya kielektroniki), nikakumbuka kwamba wengi wetu tulianza bila mtu wa kutuelekeza. Wenye uzoefu, tuelezeni anayeanza anunue nini kwanza.

Fundi Igoma: Anunue kipima omu, yaani kifaa cha kupima upinzani wa umeme wa koili, kabla ya kitu kingine chochote. Betri ya 18650, ile ya umbo la silinda inayowekwa kwenye vepu, ikijaa hufika volti 4.2; koili ya omu 1 huivuta ampea 4.2, lakini koili ya omu 0.2 huidai ampea 21, mzigo ambao betri nyingi zinazotolewa kwenye laptopu mbovu na taa za sola hazikutengenezewa. Multimita ya bei nafuu haitoshi, kwa sababu upinzani wa nyaya zake zenyewe unaweza kukaribia ule wa koili. Waya uwe Kanthal (mchanganyiko wa chuma, kromu na aluminiamu) wa milimita 0.4, ambao mizunguko 7 juu ya kijiti cha milimita 3 hutoa takriban omu 1.

Dada wa Nyegezi: Naunga mkono suala la kipima omu.

Mkazi wa Mabatini: Fundi, unawatisha watu bure. Waya wa jiko mara nyingi ni nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu), na nikromu husukiwa koili za vepu kila mahali.

Fundi Igoma: Kaka, sijaikataa nikromu. Ninachokataa ni waya ambao muuzaji mwenyewe hajui una unene gani wala umechanganywa na nini, kwani wapo wanaouziwa hata waya uliopakwa zinki, ambao ukishika moto hutoa moshi wenye sumu.

Msafiri wa Kamanga: Mmenikumbusha jambo ambalo sikutaka kulikumbuka. Mdogo wangu alikuwa na betri ya akiba katika mfuko wa suruali, pamoja na sarafu na funguo za pikipiki, tukiwa kwenye kivuko cha Kamanga tunakuja mjini. Plastiki ya betri ile ilikuwa imechanika. Tulipofika katikati ya maji alianza kulalamika kwamba paja linamuunguza, na kabla sijaelewa anachosema moshi ulifoka mfukoni kwa mvumo kama wa jiko la mafuta la pampu, abiria wakasukumana upande mmoja, akina mama wenye matenga wakapiga kelele kwamba ni bomu, naye akaivua suruali mbele ya watu wote. Baharia mmoja aliisukumia ziwani kwa ufagio, kisha akammwagia maji ndoo baada ya ndoo hadi tulipofika gatini. Kovu analo hadi leo. Kwangu mimi kifaa cha kwanza ni kikasha cha plastiki cha kuhifadhia betri.

Dada wa Nyegezi: Poleni sana. Je, mlimpaka dawa ya meno? Kwetu ndiyo tunayotumia.

Mzee wa Pasiansi: Binti yangu, dawa ya meno isipakwe kwenye jeraha la moto. Ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali.

Dada wa Nyegezi: Shikamoo mzee, nimekuelewa.

Mkazi wa Mabatini: Pole, ndugu yangu. Na funguo za pikipiki nazo zilizama?

Msafiri wa Kamanga: Zilizama. Ilibidi tubadilishe swichi nzima.

Mdau wa Kirumba: Tusiliache swali. Je, anunue mashine ya vepu yenye sakiti ya kinga au isiyo nayo?

Mkazi wa Mabatini: Isiyo nayo, kwa sababu haina cha kuharibika.

Fundi Igoma: Hapana, kwa anayeanza hapana kabisa. Yenye kinga hukataa kuwaka nyaya zikigusana, ilhali ile nyingine huiacha betri ipate moto mkononi mwake.

Mzee wa Pasiansi: Asiyetumia nikotini asianze, na wenye watoto wafungie chupa za kimiminika cha vepu kabatini, kwa maana kukinywa ni sumu.

Fundi Igoma: Naam, mzee wangu. Kilichobaki ni kibanio chenye ncha za kauri: koili huwashwa kwa wati chache, ikiiva huachwa kitufe na kubanwa, hadi mizunguko yote iwake kwa pamoja kuanzia katikati.