Kuonyesha wazo la filamu fupi kwa video ya rasimu: tuanzie wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kinaandaa filamu ya dakika nane hivi, inayomhusu kijana anayegombea mashua ya urithi na baba yake mdogo. Skripti ipo, lakini kila tunapoisoma kila mmoja anapata picha yake, na wenzetu wawili walioko Pangani hawafiki mikutanoni mara kwa mara. Ninafikiria kutengeneza video ya rasimu kwa simu kabla hatujakodi vifaa. Sina kompyuta, wala sijui kuchora. Je, njia hii inafaa, na nitawafikishiaje wenzangu ambao bando lao ni dogo?

Jibu la kwanza

Inafaa. Studio ya Walt Disney ilikuwa ikipiga picha michoro ya penseli na kuitazama kama filamu tangu miaka ya 1930, kabla ya kuingia gharama za rangi. Huhitaji kujua kuchora: watu wa vijiti, yaani kichwa cha duara na mwili wa mistari, wanatosha, mradi ionekane nani yuko karibu na kamera na anatazama upande gani. Piga picha kila karatasi simu ikiwa imelazwa kwa upana, kisha ziingize katika CapCut au programu nyingine ya kuhariri. Tangulia kurekodi sauti yako ukisoma mazungumzo yote kwa mwendo wake halisi, halafu refusha au fupisha muda wa kila mchoro uifuate sauti hiyo. Utashangaa: mstari mmoja wa skripti, kama vile baba mdogo kushuka mashuani na kutembea hadi nchi kavu, unaweza kumeza sekunde arobaini bila neno kusemwa. Muziki na madoido yaache kabisa, kwa sababu rasimu iliyopambwa huwafanya watu waijadili michoro badala ya hadithi.

Jibu la pili

Ninatofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Karatasi huvumilia lolote. Utachora mashua na nyumba katika fremu moja, kumbe ufukweni vimeachana mno. Nendeni mahali penyewe, watu wawili wasimame badala ya waigizaji, na mrekodi matukio ya nje kwa simu mkiangalia pia saa za maji, maana mashua inayoelea asubuhi inaweza kuwa imekaa mchangani adhuhuri. Michoro ibaki kwa matukio ya usiku na yale ya majini.

Jibu la tatu

Kuhusu bando: video ya dakika nane iliyohifadhiwa kwa megabiti 1 kwa sekunde huwa na takriban megabaiti 60, na ubora wa 480p, yaani picha ya kiwango cha chini, unatosha kwa rasimu. Hata hivyo, mimi nisingeituma nzima. Ikate tukio kwa tukio, kila kipande kisizidi dakika moja, ili wa Pangani afungue kile tu kinachomhusu na ajibu kwa ujumbe wa sauti chini yake. WhatsApp huibana video inapotumwa kwa njia ya kawaida na maandishi madogo hufifia, kwa hiyo namba ya tukio iandikwe kwa kalamu nene kwenye kona ya kila mchoro. Kipande kikirekebishwa, kipe jina jipya, kwa mfano “tukio 4, rasimu 2”, la sivyo mtajikuta mnabishana juu ya vipande viwili tofauti.