Naomba ushauri: chupa zangu za pilipili zimefura

Binti Wete: Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninatengeneza pilipili ya kusaga nyumbani kwa pilipili mbuzi, embe mbichi, ndimu na chumvi, na kila anayeionja huisifu. Safari hii chupa zimefura, na nilipofungua moja ilifoka kama soda iliyotikiswa. Je, nikiichemsha upya itafaa? Tafadhali nijibuni upesi.

Mpishi wa Kikwajuni: Waalaikum salaam. Jambo la kwanza ni kuchagua pilipili. Mbuzi ina harufu nzuri, na ukali wa pilipili umekaa hasa katika utando mweupe unaoshika mbegu, si katika mbegu kama wengi wanavyodhani. Paka mikono mafuta kabla ya kuzikata, kwa sababu maji matupu hayaondoi mwasho.

Mama Tumbe: Mwanangu, marehemu mama yangu alizianika juani juu ya jamvi mpaka zikalia zikitikiswa, kisha akazitwanga kwa chumvi, nasi watoto tukifukuzwa ukumbini kwa chafya. Hatukujua habari ya chupa kufura.

Mzee wa Mkoani: Chakula unachowalisha watu ni amana. Ukiwa na shaka nacho, kimwage.

Jirani wa Darajani: Mimi sikiamini kisa hiki. Pilipili yenye ndimu ya kutosha na chumvi, tena iliyopikwa, haifuri upesi hivyo. Na kama ni ya kula nyumbani, haraka ni ya nini? Nachelea kimetungwa ili kesho tuuziwe pilipili.

Binti Wete: Wallahi sijatunga. Ni chupa 40 za duka moja la Chake Chake, na arbuni nimeshaipokea na kuitumia. Ndimu zilikuwa ghali, kwa hiyo nilizipunguza, na baada ya kuepua nikatia kitunguu thomu kibichi kilichosagwa na kuifunika kwa mafuta, kwani thomu ikipikwa harufu yake hupotea. Nimeionja, haina harufu mbaya wala sijaumwa. Naona kuichemsha kunatosha.

Muuguzi wa Chake: Dada yangu, hakutoshi, na usiionje tena. Thomu hutoka udongoni, na udongo huwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambavyo vikifunikwa kwa mafuta na kukosa hewa huweza kuota na kutoa sumu inayopoozesha mwili mpaka pumzi. Wala huitambui kwa harufu. Sumu yenyewe huharibika kwa kuchemshwa sawasawa, lakini vijimbegu huhimili nyuzi 100 na huhitaji takriban 121, joto ambalo sufuria ya kawaida halifikii. Kinachovizuia ni tindikali, yaani pH (kipimo cha ukali wa tindikali; kadiri inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) isiyofika 4.6, na hiyo ndiyo kazi ya ndimu uliyoipunguza. Huenda mfuro huo ni wa kuchacha kwa kawaida, ila kwa macho huwezi kutofautisha. Ukianza upya, ipike thomu pamoja na embe, tia siki ya asilimia 5 kwa wingi, usitie mafuta, na uiweke ndani ya friji.

Jirani wa Darajani: Sasa kisa kimekamilika, na shaka yangu imeondoka. Mwambie mwenye duka leo, kabla hajaja kuchukua mzigo.

Binti Wete: Nitampigia simu nimwombe muda. Lakini zipo chupa ambazo hazijafura hata kidogo. Hizo si naweza kumpelekea kwanza?

Muuguzi wa Chake: Zimetoka sufuria moja, dada. Zote.