Newlyn, Cornwall: huyu wa ubatizo wa 1827 ndiye, au ni mwingine?

Mama Neema
Salaam wakuu. Nafuatilia ukoo wa baba mkwe, wavuvi wa Newlyn, Cornwall, Uingereza. Nilichonacho ni cheti cha ndoa cha 1852: bwana harusi William Richards, mvuvi, na baba yake mvuvi vilevile. Sensa ya 1851 inampa miaka 24, kazaliwa Newlyn. Tovuti ya ukoo ya FamilySearch inaonyesha William Richards aliyebatizwa Newlyn mwaka 1827, ila baba wa huyo ni kibarua wa shambani. Halafu sensa ya 1861 mke na watoto wapo, yeye hayumo. Ubatizo huo ni wake? Na ndiyo kusema alishafariki?

Mzee wa Madaftari
Dada, huo ubatizo uweke pembeni. Cornwall ina Newlyn mbili. Iliyokuwa parokia mwaka 1827 ni St Newlyn East, iko bara karibu na Newquay, kama kilomita 45 kutoka kwa wavuvi wako. Newlyn ya bandarini ilipata parokia yake mwaka 1848. Kabla ya hapo watu wake walikuwa wa Paul, kanisa lililo mlimani juu ya Mousehole. Ukijaza "Newlyn" kwenye nafasi ya mahali unaletewa wakulima wa bara, wenye majina yaleyale na miaka ileile, na ndiyo maana watu wengi wamejiungia ukoo usio wao.

Tafuta Paul. Kuanzia 1813 daftari la ubatizo ni fomu iliyochapwa: jina la mtoto, majina ya wazazi, wanakoishi, kazi ya baba. Unataka mstari wenye makazi Newlyn na baba mvuvi. Usimkumbatie wa kwanza utakayemwona. Waorodheshe akina William Richards wote wa 1823 hadi 1830, kisha angalia mazishi, maana kwenye fomu ya mazishi kuna umri na makazi, na watoto wengi walikufa wadogo. Kumbuka pia kwamba tarehe ni ya ubatizo. Kuna ndugu watatu wa umri tofauti waliopelekwa kanisani siku moja.

Wakibaki wawili, watakaokutenganishia ni wadogo zake. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837, yeye umempita, lakini huenda wadogo zake uliwakuta. Wapate kwenye sensa ya 1841, kisha fungua faharasa ya vizazi ya GRO (ofisi kuu ya usajili ya Uingereza), wilaya ya Penzance. Pale kila mtoto ana jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa, na kutazama ni bure. Ukiwa na jina hilo, rudi Paul utafute ndoa ya wazazi. Ila sensa ya 1841 isikuhadae: waliozidi miaka 15 umri wao kwa kawaida ulishushwa hadi mafungu ya tano tano, na haisemi nani ni nani kwa nani.

Kombo wa Gatini
Nyongeza kwa Mzee. Eneo lile lilijaa Wamethodisti, kwa hiyo mtoto asipoonekana Paul huenda alibatizwa kwao. Madaftari yao mengi ya kabla ya 1837 yako Hifadhi ya Taifa, Kew, fungu la RG 4, na yamepangwa kwa mzunguko wa wahubiri, si kwa kijiji, tafuta Penzance. Ndoa ni rahisi zaidi: kati ya 1754 na 1837 karibu kila mtu alilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana, isipokuwa Wakweka (Quakers) na Wayahudi. Angalia na Madron, parokia jirani iliyobeba mji wa Penzance.

Anza na hifadhidata ya Cornwall OPC (Online Parish Clerks, watu wa kujitolea wanaonakili madaftari ya parokia), ni bure. Lakini ile ni nakala iliyoandikwa upya na watu, si daftari lenyewe. Mstari ukikufaa, omba picha ya ukurasa Kresen Kernow, hifadhi ya nyaraka za Cornwall iliyoko Redruth.

Kuhusu 1861: mkewe ameandikwaje?

Mama Neema
"Mke wa mvuvi." Si mjane.

Kombo wa Gatini
Basi usimzike bado. Sensa ile ilikuwa usiku wa tarehe 7 Aprili, na mashua za Newlyn zilifuata vibua na heringi mbali, hadi pwani ya Ireland. Mtafute Uingereza nzima bila kujaza makazi, mahali pa kuzaliwa jaribu Paul na Newlyn, na upitie fomu za vyombo vya majini. Wengine humo wana herufi za kwanza za majina tu.

Mzee wa Madaftari
Kama kwenye sensa ya 1871 mke ni mjane, ndipo utafute kifo. Mvuvi aliyezama na mwili usionekane mara nyingi hana mazishi wala cheti. Kinachobaki ni gazeti (West Briton, Royal Cornwall Gazette) au jina kwenye jiwe la familia. Mwili ukisukumwa ufukwe mwingine, sheria ya 1808 iliilazimu parokia ya pale kuuzika. Sheria hiyo ilitokana na kuzama kwa manowari Anson huko Loe Bar, pwani ya Cornwall, Desemba 1807. Kwa hiyo pitia mazishi ya parokia za jirani, hata mistari ya "mtu asiyejulikana".

Ukirudi nyuma zaidi, Paul itakukatikia mwaka 1595: Waspania walilichoma kanisa, na daftari lililopo linaanza na mazishi ya waliouawa siku hizo. Kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo "Februari 1740" kwetu ni 1741. Na majina yasikufunge. Dolly Pentreath, yule bibi anayetajwa kuwa wa mwisho kukulia katika lugha ya Kikornwall, mazishi yake ya 1777 yanaaminika ni yale yaliyoandikwa Jeffery. Nguzo yake ya kumbukumbu nayo ilisimikwa mwaka 1860 mahali ambapo si kaburi lake, ikaja kuhamishwa.