Tairi linalika ndani: naweza kupanga magurudumu mwenyewe?

Dereva wa Umoja: Wadau, tangu niingie shimo pale barabara ya Outering, Vitz yangu inavuta kushoto. Tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani, nyuzi za ndani ya tairi zinaonekana. Alaimenti, yaani kupanga magurudumu, kwa kupima na uzi inawezekana nyumbani?

Fundi wa Grogan: Kaka, hilo tairi litoe leo, litapasuka. Kisha inua gari, tikisa gurudumu. Likicheza, huenda tairodi (chuma kinachogeuza gurudumu) au boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu) imekwisha, usipime kitu.

Dereva wa Umoja: Halichezi. Nimepima kwa futi ya kupimia kati ya tairi mbili za mbele: nafasi kwenye kingo zao za mbele ni pana kuliko kwenye kingo za nyuma kwa milimita 6.

Fundi wa Grogan: Basi zinatazama nje. Legeza nati za tairodi, zungusha tairodi zote mbili kiasi sawa, sukuma gari, pima tena. Ikiendelea kuvuta, huenda mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na gari, umepinda. Hapo uzi hausaidii, tafuta mashine ya alaimenti.