Apdeti mpya imeua mashambulizi ya ubavuni. Nani alipitisha hizi sheria?

Wadau, jina la gemu hili la vita vya kale silitaji, mnalijua, ndilo tunalotumiana faili za zamu kila wikendi. Bando limeliwa, apdeti imeingia, na sasa farasi ni mapambo.

Zamani kikosi kilibana vigae 3 tu vilivyo mbele yake. Sasa kinabana vyote 8 vinavyokizunguka, hata mgongoni. Ukiingia kigae kilichobanwa, pointi zote za mwendo zilizobaki zinafutwa. Na kushambulia bado kunadai pointi 2. Unaona mtego ulipo?

Asiyeamini afungue kihariri cha ramani, uwanda tambarare. Weka falanksi (kikosi kilichosongamana cha mikuki mirefu) safu ya 10, mstari wa 10, ikitazama kaskazini. Wapanda farasi wenye pointi 8 waweke safu ya 14, mstari huohuo. Wasogeze hadi safu ya 11. Wametumia 3, zimebaki 5, na hapo zamani ungetoa 2 uwagonge ubavuni. Sasa zinasomeka 0. Farasi wamesimama wanatazama mbavu za adui kama abiria aliyekosa matatu. Maliza zamu: falanksi inageuka mashariki BURE, kisha inakuchoma uso kwa uso. Kugeuka nyuzi 90 kulikuwa kunakula nusu ya mwendo wa askari wazito, na nyuzi 180 zamu nzima. Nani alifuta hiyo?

Yaani watu waliopangwa safu 16 kwenda nyuma, kila mmoja na sarisa, yaani mkuki, ya mita 5 hadi 6 ya kushikwa kwa mikono miwili, wageuke kama mtu mmoja? Ncha za safu 5 za kwanza zikishainamishwa mbele, hakuna kugeuka. Kynoskephalai, Ugiriki, mwaka 197 KK, mrengo wa kulia wa Filipo wa Tano, mfalme wa Makedonia, ulikuwa unawasukuma Warumi vizuri tu kuteremka mlima. Tribuni mmoja (afisa wa Kirumi) akachomoa manipuli 20, vikosi vidogo vya askari wa miguu, kutoka upande wa Warumi uliokuwa unashinda, akawazungusha hadi mgongoni. Falanksi ikafa palepale. Icheze vita hiyo leo, falanksi ikiwa haijashikana na mtu kwa mbele: manipuli zinakwama kigae kimoja nyuma ya adui, zinangoja ageuke. Upuuzi.

Pia mshazari. Kigae cha mshazari kinagharimu pointi 1 sawa na cha kunyooka, kwa hiyo farasi wa pointi 8 akienda mshazari anafika umbali wa vigae 11.3. Hesabu ya darasa la nane hii. Zidisha pointi zote kwa 2, kunyooka kulipiwe 2, mshazari 3, kosa linapungua hadi halionekani.

Mapigano nayo ni balaa lake. Kikosi cha nguvu 100 kikibakiwa na 10 bado kinapiga kwa nguvu zote, halafu ghafla kinatoweka. Vita vya zamani havikuwa hivyo. Wengi walichinjwa baada ya safu kuvunjika, wakiwa wanakimbia. Ari ndiyo ipigwe kwanza. Ukigongwa ubavuni, ari ishuke daraja moja papo hapo, na pigo lako lipungue kadiri nguvu zinavyopungua. Ndovu siwasemei sana: walikuwa wakitaharuki wanakanyaga wa kwao, ndivyo ilivyompata Hannibal, jemadari wa Karthago, kwenye vita vya Zama, sasa wanafutika tu kwenye ramani.

Kwa sasa ujanja ni mmoja. Kikosi kilichoshikana na adui hakibani wala hakigeuki. Kwa hiyo tanguliza askari wako wa miguu wamshike falanksi kwa mbele, NDIPO usogeze farasi, zamu ileile. Ukianza na farasi umejichoma. Lakini bei yake ni kubwa: legioni (askari wa miguu wa Kirumi) inapambana na sarisa uso kwa uso zamu nzima, na kama ni uwanda tambarare inapoteza karibu kila mara. Itumie kwenye vilima au mawe, falanksi inapopoteza mpangilio.

Ambao hamjapakua, zimeni apdeti za kujiendesha LEO. Vita vilivyohifadhiwa kwenye toleo jipya havifunguki kwenye la zamani, na mkicheza wawili lazima wote muwe na toleo moja. Atakayeanzisha mechi aandike namba ya toleo kwenye jina la faili.