Mumezindua msaidizi wa wasioona na hamukumuuliza asiyeona??

Salaam wadau. Naandika na hasira na sitaificha. Wale wa "angalau wamejaribu" naomba musome mpaka chini ndo mjibu.

Kuna kampuni juzi ilizindua hapa Mombasa programu ya kuongea nayo, msaidizi wa akili bandia, ati ya sisi tusioona. Unaelekeza kamera unauliza kwa mdomo hii ni nini, hapa pameandikwa nini, nayo inakujibu kwa sauti. Hoteli kubwa, waheshimiwa, fulana, picha magazetini. Mimi sioni tangu utotoni na simu naitumia kwa TalkBack, ile sauti ya simu inayosoma kilicho kwenye skrini, kila siku ya Mungu, M-Pesa, WhatsApp, mpaka uzi huu naandika hivohivo, kwa hivo mtu asije hapa kuniambia sijui teknolojia.

Nimeipakua. Skrini ya kwanza tu TalkBack inasoma "kitufe", unatelezesha kidole "kitufe", tena "kitufe". Cha nini? Cha kuingia, cha kufunga, cha kulipa? Hakuna kilichopewa jina. Na kwa fundi wa programu hii ni kazi ndogo sana, kila kitufe unakiandikia maneno mawili matatu ambayo kisoma skrini kitayatamka, na Google wana programu ya bure kabisa ya kukagua vitu hivi, unaiendesha inakuonyesha kitufe gani hakina jina. Hata hiyo hawakufanya. Halafu kujisajili unaambiwa andika herufi unazoziona kwenye picha, na hakuna pa kubonyeza usikilize kwa sauti. Jamani! Programu ya asiyeona inamtaka athibitishe kwa macho! Ilibidi nimwite mtoto wa jirani aje anisomee.

Lakini hayo ningeyameza, lililonikasirisha hasa ni masharti. Ukurasa wa masharti ni karatasi iliyoskaniwa ikabandikwa kama picha, TalkBack haisomi hata herufi, halafu chini unatakiwa ukubali. Nakubali nini? Wengine wanaoona hupiga picha bahari na pilau ya harusi. Sisi tunapiga picha barua ya hospitali, kadi ya benki, kitambulisho, majibu ya maabara, ujumbe wa shule kuhusu karo, yaani kila siri ya nyumba inapita kwenye ile kamera na inaenda kwenye kompyuta za watu tusiowajua. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na habari za afya ya mtu ndani ya sheria ile zina ulinzi wa ziada. Idhini ya mtu ambaye hukumpa nafasi ya kujua anachoidhinisha ni idhini gani hiyo? Nimewaandikia niwaulize picha zinakaa wapi, zinafutwa lini, nani anaziangalia. Nikajibiwa asante kwa maoni yako.

Sasa skizeni la ami yangu wa Majengo. Yeye sukari imemla macho, anaona kivuli tu, na mimi mwenyewe nilimwekea hii kitu kwenye simu yake kwa sababu ndio watu iliotangazwa kwa ajili yao. Akaielekeza kwenye boksi la metformin, dawa yake ya sukari, akauliza ni za ngapi. Ikamjibu miligramu 500, sauti tulivu, haina wasiwasi. Boksi lilikuwa la 850! Bintiye ndo aliyeligundua, na asingekuwepo sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Na mimi naelewa kwa nini inatokea, hizi programu za lugha hupanga maneno kwa kukisia linalofaa kufuata, picha ikiwa na kiza au boksi limepinda inajaza pengo na kitu kinachofanana na kweli. Mtu anayeona akiambiwa uongo anageuza macho anahakiki. Sisi tunahakiki na nini? Kwa hivo kitu cha kwanza kabisa kuifundisha programu ya kipofu ni kusema "sioni vizuri, sogeza karibu, geuza boksi". Asiyeona yeyote angewaambia hilo siku ya kwanza wangemuuliza.

Na msiseme haiwezekani. 2015 mtu wa Denmark, Hans Jørgen Wiberg, ambaye mwenyewe ana matatizo ya macho, alitoa Be My Eyes, unapiga simu ya video anapokea mtu anayeona anakusomea. 2023 wakaongeza msaidizi wa akili bandia anayetumia GPT-4 ya kampuni ya OpenAI, na kabla hawajaufungulia umma waliwapa wasioona wamjaribu na kumkosoa, na mashine ikikushinda binadamu bado yupo wa kumpigia. Bure. Hii yetu ya hapa mwezi wa kwanza bure halafu kulipia, bado hujahesabu bando inazokula. Mumeshona kanzu bila kumpima anayeivaa na bei munamdai.

Hata tangazo lao. Kwenye video kijana anatembea Mapembeni simu ameinyoosha mbele inamwelezea njia. Nani huyo? Mkono mmoja una fimbo nyeupe, wa pili ushike simu hewani Mwembe Tayari jioni watu wanatoka kazini? Itaondoka na pikipiki kabla haijamaliza sentensi. Na ukiongea nayo penye tuktuk na makanga wanaoita abiria haisikii kitu, na hata chumbani Kiswahili chetu cha huku inakirudisha vyengine kabisa, na pesa inazisoma kwa Kizungu.

Nimepiga simu nikaambiwa "ni toleo la kwanza, tutaboresha". Toleo la kwanza mnalijaribia kwenye dawa ya mzee? Mlikuwa na pesa za hoteli mkakosa za kuwaalika wasioona kumi wakae na fundi wiki moja na walipwe kwa kazi hiyo? Shule ya wasioona iko Likoni hapo, kuvuka feri tu. Nimewauliza wenzangu wote ninaowajua mjini, hakuna aliyeitwa kujaribu, walioitwa waliitwa siku ya kupigwa picha. Katiba ya 2010 ibara ya 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vizuizi vya ulemavu wake. Haki, wala hatuombi sadaka, kwa hivo hatutakaa kimya ati kwa kuwa tumesaidiwa.

Tunachotaka: waiondoe sokoni hadi vitufe na masharti visomeke, sehemu ya kusoma dawa izimwe kuanzia leo, na watujibu kwa maandishi kuhusu picha zetu.

Jumatano tunawaendea ofisini. Tunakutana Treasury Square saa nne asubuhi. Wa Likoni tutawangoja mkishuka feri upande wa kisiwani, mwenye kutaka kushikwa mkono aseme hapahapa, na wenye macho mnaotuunga mkono njooni pia, tutahitaji wa kurekodi.