Naomba ushauri: nifanyeje ili kakakuona apate emoji yake?

Mpenda Magamba
Wanajukwaa, salaam. Nimedhamiria kupeleka ombi rasmi la emoji ya kakakuona, na kabla sijaanza kuandika ningependa kusikia mawazo ya wenye uelewa wa mambo haya. Tembo yumo katika orodha, kalunguyeye yumo, na mwaka 2020 waliingizwa hata dodo na mamothi, viumbe waliokwisha kutoweka duniani. Kakakuona, ambaye bado yu hai na anasakwa kwa ajili ya magamba yake, hayumo. Spishi zake zote 8, 4 za Afrika na 4 za Asia, ziliamuliwa mwaka 2016 ziwekwe katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na hivyo biashara ya kimataifa ya wanyama hao wanaotoka porini ikapigwa marufuku. Hata hivyo ujangili haujakoma, ilhali magamba yenyewe ni keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zetu.

Nimeandaa barua ya kukusanya saini mtandaoni. Je, saini zina uzito wowote? Hoja ya uhifadhi ikae mbele? Na mchoro uwe wa mnyama anayetembea au aliyejikunja?

Karani wa Herufi
Ndugu mleta mada, nia yako ni njema, lakini nakushauri uiweke kando barua ya saini. Wanaoamua ni Unicode Consortium, shirika lisilo la faida la Marekani linaloweka viwango vya herufi na emoji za kompyuta na simu, na mwongozo wao unaeleza bayana kwamba saini na kampeni za heshitegi hazihesabiwi kuwa ushahidi. Unaeleza vilevile kwamba kuendeleza jambo fulani, hata liwe jema kiasi gani, si sababu tosha ya kuongeza emoji. Kwa hiyo aya yako ya CITES, ambayo mimi binafsi imenigusa, haitakusaidia mbele yao.

Wanachotaka kuona ni kwamba watu wengi wataitumia emoji hiyo, tena kwa miaka mingi. Utaambatisha picha za matokeo ya Google Trends, inayoonyesha neno linatafutwa mtandaoni kiasi gani, na Google Books Ngram Viewer, inayoonyesha linatokea vitabuni kiasi gani, ukilinganisha neno lako na neno la tembo, ambalo ndilo wamelifanya kipimo. Hoja ya dodo na mamothi nayo iondoe, kwa sababu kusema "fulani yumo, kwa nini huyu hayumo" wanaihesabu kuwa ulinganishi usiofaa.

Binti Mwandani
Nakubaliana na Karani kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mleta mada akate tamaa na uhifadhi wake. Emoji ikishapatikana, inaweza kufanya kazi hiyo vizuri: mwaka 2015 shirika la uhifadhi la WWF liliendesha kampeni ya kuchangisha fedha kwa kutumia emoji 17 za wanyama walio hatarini, ambazo zote zilikuwa tayari zimo kwenye simu za watu. Tofauti ni kwamba hilo linakuja baadaye.

Mfano ulio karibu zaidi na wako ni wa mbu. Ombi lake la mwaka 2017 lilitoka kwa watu wa afya ya jamii wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao wa Gates Foundation, na emoji ikatoka mwaka 2018. Nguvu ya ombi lile haikuwa katika ukubwa wa tatizo la malaria peke yake. Mbu anatajwa na mtoa elimu ya afya, na mtafiti, na mtu wa kawaida aliyenyimwa usingizi usiku. Jiulize kakakuona atatajwa na nani, akiwa anazungumzia nini, na hapo ndipo utakapopata ombi lako.

Msoma Takwimu
Nyongeza fupi. Mchoro wa Google Trends utakuonyesha kilele kirefu mwaka 2020, wakati kakakuona alipohusishwa na chanzo cha korona. Usikitegemee kilele hicho, kwani mchambuzi atakiona kuwa cha msimu. Onyesha miaka ya kabla na ya baada yake.

Fundi Michoro
Nijibu la mchoro, maana hapa ndipo maombi mengi yanaponyauka. Utatakiwa kutoa picha ya pikseli 72 kwa 72 na nyingine ya 18 kwa 18, na hiyo ndogo ndiyo mtihani. Kakakuona aliyejikunja, katika pikseli 18, ni duara la kahawia lenye mistari. Hakuna atakayejua kama ni mnyama au ni tunda la msonobari. Mchore ubavuni: pua nyembamba ielekee chini, mgongo upinde, na mkia mnene uwe mrefu karibu kama mwili, kwa kuwa mkia huo ndio utakaomtofautisha na kalunguyeye. Magamba yasizidi kumi hivi, makubwa, yapandane kama vigae. Mchoro uwe wako au uwe na leseni inayoruhusu matumizi hayo. Apple, Google na Samsung watachora wa kwao hata hivyo.

Mpenda Magamba
Nawashukuru sana. Barua ya saini nimeiacha. Nilikuwa nategemea kule kujikunja kubebe maana ya aibu, ya kujilinda, au ya mtu anayetaka aachwe peke yake. Je, nikimchora anatembea, maana hizo hazitapotea?

Karani wa Herufi
Hazitapotea. Emoji ya konokono haionyeshi mwendo wowote, na bado watu huituma wanapolalamikia intaneti inayosuasua, kwa sababu tabia ya mnyama inajulikana. Mwongozo unathamini sana emoji yenye maana ya pili, na hii uliyoitaja ina nguvu kwa kuwa kila mtu ana siku ya kutotaka kusemeshwa. Ianzishe sehemu ya matumizi kwa hoja hiyo, na uipe mifano ya sentensi watu wanazoandikiana kweli. Kwa kawaida dirisha la maombi hufunguliwa Aprili na kufungwa mwishoni mwa Julai. Ukimaliza rasimu iweke hapa, tuipitie kabla hujaituma.